Maswali ya Wasomaji: Gia, Pini na Matundu ya Milimita Nane

Barua kuhusu seti za plastiki za kuundia mitambo zimekuwa zikiongezeka, na nyingi zinatoka kwa watu wazima walioanza kwa kumsaidia mtoto, kisha wakajikuta wao ndio wanaokesha mezani na vipande. Mwezi huu nimechagua tano. Nimezifupisha, ila maswali yenyewe nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Swali. Nilinunua mfuko wa vipande vya plastiki katika soko la Toi kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Muuzaji alisema vyote ni vya aina moja, lakini tulipovimwaga mezani tuliona kuwa vingine havishikani kabisa na wenzake. Kuna vijiti vyenye matundu, kuna vibloku vyenye mifereji, na kuna vipande vichache vya chuma. Nitajuaje kipi kinaenda na kipi? — *Mama Mdogo, Woodley*

Jibu. Mama Mdogo, chukua rula ya shule, kwa maana katika kazi hii kipimo ndicho kitambulisho. Rangi hudanganya, na jina la mtengenezaji huwa limechapwa kwa herufi ndogo mno mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Tafuta kijiti chenye matundu kumi na moja au zaidi, kisha upime kutoka katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya tundu la kumi na moja. Ukipata milimita 80, yaani milimita 8 kutoka tundu hadi tundu, umeshika kipande cha LEGO Technic, yaani tawi la LEGO la vijiti, pini na gia, au cha mtengenezaji mwingine anayefuata kipimo hicho. Ukipata milimita 127, umeshika Meccano, kwa sababu Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka wa 1901, aliyapanga matundu yake kwa nusu inchi. Meccano ya asili ni ya chuma na hufungwa kwa nati na bolti ndogo, kwa hiyo vile vipande vya chuma vitenge kwenye mkebe wao. Hata ukivilazimisha, havitakubaliana na matundu ya plastiki.

Vile vibloku vyenye mifereji ubavuni na kichwa kidogo kinachojitokeza upande mmoja huenda ni vya fischertechnik. Pima kimoja: kibloku cha msingi kina upana wa milimita 15, kimo cha 15 na urefu wa 30, na huunganishwa kwa kutelezesha kichwa cha kimoja ndani ya mfereji wa kingine, jinsi seremala anavyoingiza ulimi wa ubao katika mtaro wake. Aliyevibuni ni Mjerumani Artur Fischer, katikati ya miaka ya 1960. Huyu ndiye aliyetengeneza pia, mwaka wa 1958, ile plagi ya plastiki ambayo fundi huigongomea ukutani kabla ya kukaza skrubu, hivyo nyumba yako yenyewe huenda imeshikiliwa na kazi ya mikono yake mahali fulani. Na ukikuta vijiti vyembamba visivyo na matundu, pamoja na viungio vyenye umbo la nyota, hivyo vitakuwa vya K'NEX, seti ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1992.

Ukishatenganisha, geukia pini, maana hapo ndipo wanaoanza hupotelea bila kujua. Pini nyeusi ya kawaida ya Technic ina vijimistari vilivyoinuka vinavyoifanya ibane ndani ya tundu, na imekusudiwa kushikanisha vijiti visicheze. Ile ya kijivu hafifu au ya rangi ya mchanga ni laini na huzunguka kwa urahisi. Mtoto akifunga mkono wa kreni kwa pini nyeusi, mkono utapanda kwa shida na kukwama njiani, naye atadhani amekosea maelekezo. Tia pini moja ya kila aina katika tundu na uizungushe kwa vidole viwili. Mkishahisi tofauti hiyo mara moja, hamtaihitaji rangi tena kuwaongoza, jambo ambalo litawafaa siku mtakapokutana na pini za mtengenezaji anayetumia rangi nyingine.

Swali. Nilikuwa fundi wa magari katika Barabara ya Kirinyaga kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjukuu wangu aliletewa seti yenye mota ya betri, nasi tukaunda winchi. Inanyanyua chupa tupu vizuri, lakini tukitia nusu lita ya maji gia zinalia ta-ta-ta na kuruka. Nilitoa gia ya meno 24 iliyoshikana na ile ndogo ya meno 8, nikaweka ya meno 16, ikawa haimfikii mwenzake. Je, gia hizi zimetengenezwa ovyo, au kuna jambo nisilolijua? — *Babu wa Kariobangi*

Jibu. Mzee wangu, gia hizo ni sahihi, na nina hakika kuwa ukishaelezwa hesabu yake utaitumia vizuri kuliko wengi wetu. Katika mfumo huu wa matundu ya milimita 8 idadi ya meno ndiyo kipenyo cha gia kwa milimita, kikipimwa pale ambapo meno ya gia mbili hukutana. Gia ya meno 8 ina kipenyo cha milimita 8, kwa hiyo kutoka katikati ya ekseli, yaani fimbo inayobeba gia, hadi pale inapokutana na mwenzake ni milimita 4. Ile ya meno 16 ni milimita 8, ya meno 24 ni milimita 12, na ya meno 40 ni milimita 20. Sasa jumlisha. Gia ya 8 na ya 24 hutaka ekseli zao ziachane kwa milimita 16, ambazo ni matundu mawili kamili. Ya 8 na ya 40 hutaka milimita 24, yaani matundu matatu, na ya 24 na ya 40 hutaka matundu manne. Lakini ya 8 na ya 16 hutaka milimita 12, nazo ni tundu moja na nusu, na hakuna nusu tundu katika kijiti kilichonyooka. Ndiyo maana gia yako ilibaki ikielea hewani. Mtego huohuo upo kati ya gia ya 16 na ya 24, ambazo hutaka matundu mawili na nusu, na nimewahi kupoteza jioni nzima nikijaribu kuzipatanisha kabla ya kuketi na kalamu na karatasi.

Sasa tuje kwenye ile ta-ta-ta. Unajua kutokana na kazi yako kwamba jino la gia halisukumi mwenzake kwa kuzunguka tu, bali pia humsukuma kando, kwa kuwa uso wa jino umeinama. Katika giaboksi ya matatu nguvu hiyo humezwa na kesi ya chuma na beringi zilizoshika shafti pande zote mbili. Katika winchi yenu, nadhani, ekseli imepita kwenye kijiti kimoja, na gia imening'inia upande wa nje. Winchi yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Niliiweka kwenye meza ya jikoni, nikazima taa na kumulika tochi kutoka nyuma ya gia, kisha nikawasha mota. Mzigo ulipoanza kuwa mzito, mwanya wa mwanga ulitokea katikati ya meno, mwembamba kama ukucha, ukapanuka, jino likaruka, ukajifunga, kisha ukaanza kupanuka tena. Gia hazikuwa na kosa lolote, bali ekseli ndiyo iliyokuwa ikipinda na kuziachanisha.

Fanya jaribio hili: mota ikiwa inavuta, bana fremu kwa vidole karibu kabisa na gia. Kelele ikikoma, kosa ni la fremu. Weka kijiti cha pili upande wa pili wa gia, ili kila ekseli ishikwe mahali pawili, kisha uvifunge vijiti hivyo viwili kwa kipande cha kukingama chenye pini mbili kila mwisho. Pini moja peke yake huzunguka na kuiacha fremu ipinde, ilhali pini mbili haziiachi.

Baada ya hapo angalia kamba inajizungushia nini. Ikiwa inajikunja kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 24, ihamishie kwenye ekseli yenyewe, ambayo ina unene wa takriban milimita 5, na mzigo unaoufikia msururu wa gia utapungua karibu mara tano, ingawa chupa itapanda polepole kwa kiwango hichohicho. Pia unaweza kuongeza hatua ya pili ya gia. Ya 8 ikiendesha ya 24 hupunguza mwendo mara tatu, na ukiirudia hatua hiyo unapata mara tisa. Ukiifuatisha ile hatua ya kwanza ya mara tatu na ya 8 inayoendesha ya 40, ambayo hupunguza mara tano, unapata mara kumi na tano. Kabla ya yote hayo, hakikisha betri ni nzima. Visanduku vingi vya mota hizi huchukua betri sita ndogo zinazofikisha volti 9, na ukitumia zile za kuchajiwa, ambazo kila moja ina volti 1.2, utapata 7.2 tu.

Lakini kwa winchi ningekushauri utafute ile gia yenye umbo la parafujo. Kila inapozunguka mara moja husogeza jino moja tu la gia iliyo mbele yake, hivyo ikiendesha gia ya meno 24 mwendo hupungua mara ishirini na nne kwa hatua moja. Ubora wake mkubwa ni kwamba mzigo hauwezi kuirudisha nyuma: mota ikizimwa, chupa hubaki pale ilipo bila breki yoyote. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu huliwa na msuguano. Na tafadhali usitie grisi, najua mkono wako utawashwa. Plastiki hii huzunguka ikiwa kavu, mafuta hukusanya vumbi, na baadhi ya mafuta husababisha nyufa katika ABS, plastiki ngumu iliyotumika katika vipande vingi hivi.

Winchi ikishakubali, mwonyeshe mjukuu difu, yaani zile gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti. Chasi ya gari ya LEGO nambari 8860 ya mwaka wa 1980 ilikuwa na difu inayofanya kazi kama ile uliyoifungua mara nyingi, na vipande vya kuunda difu ya namna hiyo bado hutengenezwa. Mwambie ashike gurudumu moja, azungushe shafti, na aangalie gurudumu la pili likikimbia kwa mwendo maradufu. Wewe ndiwe utakayeweza kumweleza kwa nini gari lililokwama matopeni huzungusha gurudumu moja tu.

Swali. Mimi ni mwanafunzi na fedha zangu ni chache. Kuna vipande vya Kichina vinavyoshikana na vya LEGO na bei yake ni nafuu zaidi. Rafiki zangu husema kuvinunua ni sawa na kununua mali ya wizi. Je, ni kweli? — *Mwanafunzi, Ngara*

Jibu. Si kweli, ingawa kuna mpaka unaopaswa kuujua. Hataza ya tofali la LEGO iliombwa nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, na hataza hudumu kwa muda maalumu tu, kisha uvumbuzi huwa wa watu wote. Kampuni ilijaribu baadaye kulilinda umbo la tofali kama alama ya biashara. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa mwaka wa 2005, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa mwaka wa 2010, kwa hoja kwamba umbo hilo lipo kwa sababu ya kazi linayoifanya, na alama ya biashara haiwezi kutumiwa kurefusha hataza iliyokwisha. Kwa hiyo mtengenezaji anayechonga kijiti chenye matundu ya milimita 8, akabuni gari lake mwenyewe na kuliuza kwa jina lake, hajamwibia mtu.

Anayenakili seti nzima ya mwingine, kijitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa na picha ya sanduku, huyo ameiba kazi ya mbunifu, nami sinunui kwake. Niliwahi kuuziwa sanduku la namna hiyo na muuzaji mmoja wa mtandaoni bila kujua. Mbali na aibu niliyoiona nilipofungua kijitabu, gia tatu zilipasuka kabla gari halijakamilika.

Kuhusu ubora, usisikilize maneno, jaribu kwa mkono. Pini nzuri huingia kwa sauti ya *tik* na hutoka bila koleo. Ekseli nzuri, ukiipitisha kwenye matundu ya vijiti viwili vilivyo sambamba na kuipulizia gia iliyo mwisho wake, huzunguka kidogo kabla ya kusimama. Ikikwama, matundu hayakupangwa sawasawa, na kosa hilo dogo likijirudia katika ekseli kumi mota haitakuwa na nguvu ya kuendesha chochote. Ikiwa fedha hazitoshi, nunua vijiti na vifuniko vya bei nafuu, lakini gia na ekseli zitafute zilizo bora, hata kama ni za mitumba.

Swali. Marehemu baba aliniachia masanduku mawili ya LEGO Technic. Moja ni nambari 8880, ambalo halijafunguliwa tangu miaka ya 1990. Jingine liliundwa likakaa dirishani kwa miaka mingi, na vipande vyeupe na vya kijivu vimekuwa vya manjano. Je, nifungue lile la kwanza? Na hili la pili linaweza kupona? — *Binti wa Lang'ata*

Jibu. Pole kwa kufiwa, binti yangu, na hongera kwa kuvitunza vitu vya mzee.

Nianze na lile la manjano. Mionzi ya jua hubadilisha kemikali zilizomo katika plastiki ya ABS, nasi hapa Nairobi tunaishi karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, mahali ambapo mionzi hiyo ni mikali hata siku za baridi. Vipande hivyo vinaweza kurudishwa karibu na rangi yao kwa hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile hafifu ya asilimia 3 hadi 6. Vaa glavu, na uvizamishe vipande katika chombo kinachopenya mwanga. Vile vinavyoelea vikandamize kwa bakuli la kioo, kisha uweke chombo juani na uvigeuze kila baada ya saa moja au mbili. Utaona vitone vidogo vya hewa vikishika kingo za kila tundu. Vingine hupona kwa siku moja, vingine kwa siku kadhaa. Usitie humo vipande vyenye vibandiko au maandishi, wala vyenye mpira au umeme. Manjano inaweza kurejea baada ya muda, kwa hiyo ukishamaliza tafuta kabati lisilopigwa na jua. Uchafu wa kawaida uoshe kwa sabuni na maji vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, na petroli au thina isikaribie kabisa, kwani thina huyeyusha ABS.

Kuhusu 8880, hilo ni gari la michezo la mwaka wa 1994, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kutoka katika mfululizo huo. Nguvu hufika magurudumu yote manne, na magurudumu yote manne hugeuka usukani unapozungushwa. Injini yake ya V8 ina pistoni zinazopanda na kushuka gari linaposukumwa, na giaboksi ina gia nne. Wakusanyaji wengi watakuambia usilifungue, kwa sababu sanduku lililofungwa huuzwa ghali zaidi, na kama unahitaji fedha hizo, liuze bila kujilaumu. Kama huzihitaji, lifungue. Sanduku lililofungwa halizuii mpira wa magurudumu kuzeeka, na kile kilichomfanya baba yako alibebe hadi nyumbani hakionekani katika picha ya jalada. Kinaonekana pale unapounganisha giaboksi, ukasukuma kijiti cha gia, na kuona ekseli ileile ikibadili mwendo mbele ya macho yako. Liunde polepole, na uhifadhi sanduku na kijitabu, kwa kuwa seti iliyokamilika yenye vitu hivyo bado ina wanunuzi wake.

Swali. Nipange vipande vyangu kwa rangi au kwa umbo? — *Msomaji, Umoja*

Jibu. Kwa umbo. Jicho hupata kijiti chekundu ndani ya rundo la rangi mchanganyiko kwa kutupa macho mara moja, lakini kupata pini moja nyeusi ndani ya mkebe wa vitu vyeusi vitupu ni kazi ya kuchosha mno. Gia zitenge kwa idadi ya meno, ekseli kwa urefu, na pini kwa aina. Huhitaji kabati la kununua: mikebe ya siagi hutosha kwa vijiti, na trei ya mayai ya thelathini ni nzuri ajabu kwa pini na gia ndogo, mradi paka asiwe na njia ya kuifikia.